Mshale wa joto ukishuka ghafla usishangilie

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee kitu kimenikaa moyoni tangu mwaka jana, nacho ni joto la injini za dizeli za boti, yani ile geji ndogo yenye mshale iliyopo mbele ya nahodha ambayo wengi hatuiangalii mpaka moshi uanze kutoka. Najua kuna atakayesoma aulize mtu wa Dodoma na boti wapi na wapi, sisi tunajulikana kwa zabibu na vumbi na shida ya maji, lakini Mtera ipo, ni yetu pamoja na wenzetu wa Iringa, na mle bwawani kuna watu wanaishi kwa boti kila siku ya Mungu, wanavua perege na kambale, wanavusha unga na chumvi na barafu, wanavusha mama na watoto kwenda makambi ya uvuvi ambako gari halifiki. Mi ni fundi wa dizeli hapa Dodoma mjini na nina boti moja Mtera tunaimiliki mimi na shemeji yangu, kwa hiyo naongea kitu ambacho nakiona kwa macho na nakilipia kwa mfuko wangu.

Boti yetu ni ya faiba, tuliinunua mtumba Dar, ina injini ya dizeli ya silinda 4 iliyokaa tumboni mwa boti, sio ile ya kuning'iniza nyuma. Kwa ambao hawajawahi kuiona, inapoa hivi: kuna maji ya ndani yenye kulanti, yani dawa ya kupozea injini, yanazunguka kwenye bloku na silinda hedi kama kwenye gari, ila badala ya rejeta na feni kuna kipoozeo chenye vibomba vidogo vidogo, humo maji ya bwawa yanapita upande mmoja na maji ya injini upande wa pili, yanabadilishana joto bila kuchanganyika. Maji ya bwawa yanavutwa na pampu nyingine yenye impela ya mpira, yani kigurudumu chenye mapanga, na yakimaliza kazi kwenye kipoozeo yanamwagwa ndani ya ekzosi, yanapoza moshi, alafu yanatoka nje pamoja nao. Ndo maana bomba la ekzosi la boti kama hiyo linaweza kuwa la mpira na lisiungue. Maji yakikosekana sasa, mpira huo hauna dakika nyingi.

Siku ya tukio ilikuwa mwezi wa 9, ule wakati wa upepo, saa 9 alasiri, tulikuwa watu 11 pamoja na mizigo. Nahodha ni kijana makini tu, wala sitaki mtu amlaumu. Mshale wetu siku zote ulikuwa unakaa kwenye nyuzi 55 hivi, manake fundi aliyetuuzia boti alikuwa ameshatoa thamostati, ile valvu inayoshikilia maji mpaka injini ipate joto, na mimi nilijua, nikasema nitairudisha nikipata spea, miezi ikapita nikiwa nasema hivo hivo, na hilo linaniuma mpaka leo. Basi tukiwa katikati ya bwawa kijana akaniita, "Fundi, joto limepanda kidogo ila lipo katikati ya geji." Nikamuuliza ngapi, akasema 80. Nikajua 80 kwa injini ya dizeli ni joto zuri tu, nikamwambia endelea ila uiangalie. Baada ya muda akaniita tena, safari hii uso umetulia, "Fundi, imeshuka yenyewe, ipo chini kabisa, Mungu mkubwa." Na mimi nikapumua. Hapo ndo kosa kubwa lilipotokea, manake mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma na mtoto akageuka akaniambia, "Baba, huku kuna mpira unaungua." Nikafungua mfuniko wa injini nikakutana na joto usoni kama nimefungua tanuru la mkate, na kabla sijasema kitu injini ikaanza kuishiwa nguvu, nikapiga kelele zima zima zima.

Tulielea kama nusu saa huku upepo unatusukuma kuelekea ile miti mikavu iliyosimama ndani ya maji, wanaoijua Mtera wanaelewa hiyo miti ni kitu gani kwa boti ya faiba. Wavuvi wakatuona wakaja kutuvuta. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini yule mama alikuwa anatetemeka amemkumbatia mtoto na mi nilikosa neno la kumwambia. Silinda hedi ilipinda, gasketi ikaungua, bomba la ekzosi likatoboka, impela ikabaki na mapanga mawili tu, na chanzo cha yote kilikuwa mfuko wa plastiki ulionasa kwenye tundu la kuvutia maji chini ya boti. Mifuko ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na imepungua kweli, ila ile ya zamani bado ipo chini kwenye tope, na maji ya bwawa yakipungua kiangazi boti zinapita karibu na tope hilo.

Sasa Mhariri, kilichonifanya niandike sio mfuko. Ni ule mshale. Ulitupa taarifa mbili na zote mbili tukazisoma vibaya, tena mmoja wa waliosoma vibaya ni fundi wa miaka mingi.

Taarifa ya kwanza ilikuwa 80. Kwa injini yenye thamostati 80 ni salama, kwa injini yetu iliyozoea 55 ilikuwa imepanda nyuzi 25 kwa muda mfupi bila mzigo kuongezeka, na kitu cha hivo hakitokei bure. Watu tunapenda kuuliza joto la kawaida la dizeli ni ngapi, na jibu lipo, nyingi zinazopozwa kwa maji ya ndani zinatembea kati ya 75 na 90 hivi, lakini jibu hilo halimsaidii nahodha akiwa kazini, linalomsaidia ni kujua injini YAKE, ikiwa kwenye mzigo wake wa kila siku, kwenye mizunguko ile ile, inakaa ngapi. Kama yako inakaa 84 basi 84 ndo kawaida na 90 ni habari, simama uangalie. Kama inakaa 78, basi hiyo 84 ya mwenzako kwako ni habari. Geji nyingi hazina hata namba za kutosha, zina mstari wa baridi na mstari wa moto, hapo chukua rangi ya kucha au kalamu ya maka upige alama kwenye kioo pale mshale unapokaa siku injini ikiwa nzima, yeyote atakayeshika usukani ataona umetoka kwenye alama au haujatoka.

Taarifa ya pili ndo iliyotumaliza. Sensa ya joto inapima maji, haipimi chuma. Imekaa juu kwenye silinda hedi, karibu na nyumba ya thamostati, na ncha yake imezama kwenye maji. Maji yakichemka yakamwagika kupitia mfuniko wa presha wa maji ya injini, usawa unashuka, ncha inabaki juu ya maji, inaguswa na mvuke, mvuke nao ukiisha inabaki na hewa, na hewa haipelekei joto kwenye sensa kama maji yanavyopeleka, kwa hiyo mshale unashuka wakati chuma chini yake kinaiva. Ukiona mshale uliokuwa unapanda umeanguka ghafla bila wewe kupunguza moto, yani mizunguko ya injini, wala kufanya kitu chochote, hiyo sio nafuu, maji yamekwisha, zima injini hapo hapo, tupa nanga kama kina kinaruhusu. Kama mshale umepanda tu na bado una maji ndani, hapo ni tofauti, punguza moto iache ikae sailensa bila gia dakika kadhaa joto lisambae huku unaangalia kama maji yanatoka kwenye ekzosi, ila maji yasipotoka zima. Na mfuniko huo wa maji usifungue. Narudia, usifungue, manake ndani kuna presha na maji yamepita nyuzi 100 bila kuchemka, ukiachia presha yanachemka yote kwa pamoja na yanakurukia usoni. Wala usimwage maji ya baridi kwenye injini iliyokauka ikiwa ya moto, hedi inapasuka na ufa wa hedi sio kitu cha kuziba kwa gundi.

Turudi kwenye thamostati, hapa nitachukua nafasi kidogo nakuomba univumilie. Kuna maneno yamesambaa kwenye magereji yetu kwamba thamostati ni ya Ulaya kwa sababu kule kuna baridi, huku kwetu joto, ing'oe utupe. Nimeyasikia nikiwa kijana wa kubeba spana, nimeyasikia tena wiki iliyopita. Sio kweli. Thamostati haijali nje kuna baridi ya Mbeya au jua la Bahi, kazi yake ni kushikilia maji ndani mpaka injini ifike joto la kufanyia kazi, alafu inafungua kidogo kidogo kadiri ya mzigo. Ile namba iliyogongwa pembeni yake, 71 au 77 au 82 au 88, ndo nyuzi inapoanza kufungua, na inafunguka yote kama nyuzi 10 mbele ya hapo. Ukiitoa, injini inatembea baridi maisha yake yote, mafuta hayaungui yakaisha, masizi yanajaa kwenye valvu na kwenye ringi, dizeli isiyoungua inashuka pembeni ya pistoni inaingia kwenye oili. Ndo maana unakuta mtu anavuta kijiti cha oili anaona oili imeongezeka anafurahi, kumbe ni dizeli, inuse utaiona. Oili ikishachanganyika na dizeli inakuwa nyepesi na beringi zinaanza kulia, na mwenye boti anamwambia kila mtu kwamba dizeli ya siku hizi ni mbaya.

Kingine ambacho mafundi wengi hawajui, kuna injini thamostati yake ina mguu kwa chini unaoziba njia ya mkato ya maji pale inapofunguka. Ukiing'oa hiyo, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu kubwa ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye kipoozeo, na injini inachemsha zaidi kuliko mwanzo. Umeitoa ili ipoe, umeifanya ichemshe.

Ubishi mwingine unaletwa na wenzetu waliofanya kazi baharini. Wanasema boti zao Dar au Tanga zinatembea nyuzi 60 na hazina shida, na wanasema kweli, ila hizo ni zile ambazo maji ya bahari yenyewe yanapita moja kwa moja ndani ya injini. Chumvi ya bahari ikipita nyuzi 60 hivi inaanza kuganda kwenye njia za maji, kwa hiyo waliotengeneza wakaweka thamostati ya nyuzi za chini makusudi, wakakubali hasara ya injini kutembea baridi ili isizibe. Injini yenye maji yake ya ndani na kipoozeo haina sababu ya kutembea hivo, iwe Bahari ya Hindi iwe Mtera. Mtu akikupa namba ya joto muulize kwanza injini yake inapozwaje.

Na sisi wa huku juu tuna letu ambalo wa pwani hawana. Dodoma mjini tupo mita kama 1,100 na kidogo kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, sio 100. Mtera ipo chini kidogo, karibu mita 700, pale yanachemka kama 97 au 98. Inaonekana kitu kidogo, lakini kama mfuniko wako wa presha mpira wake umekauka basi unaendesha injini ambayo ukingo wake upo karibu kuliko kitabu kinavyosema, na ndo ilivyokuwa kwetu, mfuniko haukuwa unashika presha hata kidogo. Mfuniko mzima wa alama 0.9, yani presha ya baa 0.9, unafanya maji yavuke 110 bila kuchemka. Ni spea ya bei ndogo sana ukilinganisha na hedi. Nilienda kununua baada ya ajali, nikiwa nimeushika mkononi dukani nilijisikia vibaya sana.

Alafu maji yenyewe. Kila nyumba Dodoma inajua birika la chai likikaa miezi michache linajaa ukoko mweupe kwa ndani, maji yetu ya visima yana chumvi na ni magumu. Sasa mtu yule yule anayekwangua birika lake kila mwezi anajaza maji hayo hayo kwenye injini na anategemea kwenye injini yasifanye ukoko. Unafanya, na ukoko ni kama blanketi, chuma kinakuwa cha moto lakini maji hayapokei joto lote, kwa hiyo hata geji inaweza kukuonyesha maji ya kawaida huku ukuta wa silinda unateseka. Tumia maji ya mvua uliyochuja vizuri au yale safi ya kuongezea betri, sio asidi, changanya na kulanti kama kopo linavyoelekeza, sio kulanti robo kikombe ili rangi ya kijani ionekane.

Hili linawahusu pia wenye mashine za kusaga na pampu za umwagiliaji kule Chamwino na Bahi na kwingine, hizi dizeli za silinda moja za kulala zenye tangi la maji wazi juu. Zile kutoa mvuke sio ugonjwa, ndo zinavyopoa, maji yanachemka yanapeleka joto hewani, na ile alama nyekundu inayoelea ndo geji yako, ikizama ongeza maji kabla hayajaisha. Ila kumbuka mvuke unaondoka peke yake, chumvi inabaki, kila ndoo ya maji ya kisima unayoongeza inaacha chumvi yake humo ndani. Fungua koki ya chini mara kwa mara umwage yote ujaze mapya.

Watu wananiuliza nitapimaje kama geji yangu inasema kweli. Njia ninayotumia mimi ni bunduki ya joto, ile unaelekeza inakupa namba. Sio zile za kupima homa zilizokuwa milangoni mwa maofisi wakati wa korona mwaka 2020, zile nyingi zinaishia nyuzi 42 au 43, unataka ya viwandani. Piga pale kwenye nyumba ya thamostati, lakini sio juu ya chuma kinachong'aa, chuma cha kung'aa kinaidanganya inasoma chini, paka kidoa cha rangi nyeusi isiyong'aa ukubwa wa shilingi, kikauke, kila siku upime hapo hapo ukiwa karibu. Chuma cha nje kitasoma chini kidogo ya maji ya ndani, hilo ni kawaida, cha msingi tofauti kati ya bunduki na geji isibadilike siku hadi siku. Pima pia bomba la ekzosi la mpira, likiwa zima unaweza kulishika kwa mkono, na maji ya bwawa yakikatika lile linapata joto mapema kuliko maji ya injini. Kuna sensa za kufunga kwa mkanda juu ya bomba hilo zinazopiga king'ora, na kama ingekuwa na sisi siku ile tungejua kabla yule mama hajanusa kitu. Kwangu mimi hiyo ndo sensa ya kwanza ya kununua, hata kabla ya kubadilisha geji.

Kwenye waya mambo ni mepesi. Washa swichi, chomoa waya kwenye sensa, mshale uende baridi kabisa, gusisha waya huo kwenye bodi ya injini mara moja tu, mshale uende moto mwisho. Mshale ukifanya hivo vyote viwili geji na waya ni vizima, mwenye shida ni sensa. Geji nyingi zinafanya kazi hivo, na ndo maana waya ukikatika au bodi ikipata kutu mshale unasoma baridi, yani kasoro nyingi za umeme zinakudanganya upande ule ule unaopenda kuusikia. Na tafadhali mafundi wenzangu, ile tepu nyeupe ya mabomba msizungushe kwenye nyuzi za sensa, yani zile za kuikazia kama skrubu, nyingi zinapata bodi kupitia nyuzi hizo hizo, ukizifunga tepu unapunguza mshale kwa mkono wako. Thamostati nayo unaipima nyumbani, ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni isiguse chini, weka kipimajoto, iangalie ikifunguka. Hapa Dodoma maji yatachemka kwenye 96 kwa hiyo yenye 82 utaiona inafunguka vizuri kabla, isipofunguka maji yakiwa yanatokota hiyo imekufa.

Siku hizi kwenye boti yetu kuna daftari la kawaida la shule. Nahodha anaandika saa, mizunguko, joto, na kama maji ya ekzosi yanatoka vizuri, mara moja kila baada ya nusu saa, mstari mmoja tu. Thamostati ya 82 imerudi, mshale unakaa 84 kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika, mafuta yamepungua kidogo na moshi wa asubuhi umekatika. Mwezi uliopita aliona 88 akasimama bila kuniuliza, akakuta chujio limejaa majani, akatoa, akaendelea. Shemeji mwanzoni aliona daftari ni kupoteza muda wa wateja, saa hizi yeye ndo anaulizia limeandikwa.

Ombi langu ni kwa wakaguzi wa vyombo vya majini, wenzetu wa TASAC, na viongozi wa mialo. Makoti ya kuokolea yanakaguliwa na idadi ya watu inakaguliwa, na ni lazima iwe hivo, hakuna aliyesahau MV Bukoba mwaka 1996 wala MV Nyerere mwaka 2018. Lakini boti iliyozimika injini katikati ya upepo ikiwa na watu wa halali na makoti ya halali bado ipo hatarini. Kwa hiyo mnapokuja kukagua boti ya abiria yenye dizeli ya ndani naomba mpande mpaka kwa nahodha, mmuulize joto lake la kawaida ni ngapi, asipojua mjue kuna tatizo. Alafu mwambieni ageuze funguo kabla ya kuwasha na nyie mkae kimya msikilize. Kwenye injini nyingi king'ora lazima kilie pale kwa sababu presha ya oili bado haijapanda. Kisipolia, fuateni waya wake mpaka mwisho, mara nyingi mtakuta mtu aliukata kwa sababu ya kelele.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi dizeli, Kizota, Dodoma